Haki ya Kuingia na Mbwa Mwongozi

Mbwa mwongozi ni mbwa aliyefunzwa kumtembeza mtu asiyeona. Huvishwa mgongoni hatamu yenye mshikio mgumu, na kupitia mshikio huo mwenye mbwa huhisi kila mbwa anapokata kona, anapopunguza mwendo au anaposimama ghafla. Mbwa hajui njia ya kwenda posta. Anayeijua ni mtu, naye ndiye anayetoa amri ya kwenda mbele, kulia au kushoto. Kazi ya mbwa ni kumkwepesha nguzo, mashimo na baiskeli zilizoegeshwa, kusimama kwenye ukingo wa barabara na kwenye ngazi, na kukataa amri inayompeleka bwana wake kwenye hatari, kama ile ya kuvuka wakati gari linakuja. Wakiwa njiani mtu na mbwa hutembea kama mwili mmoja, na akizuiwa mmoja wao wamezuiwa wote wawili. Kumwambia mtu kama huyo aingie yeye na mbwa abaki nje ni kumfungia mlango. Ilichukua miaka mingi jambo hilo kuandikwa katika sheria, na waliolipigania ni watu waliorudishwa milangoni wenyewe.

Mbwa kumwongoza kipofu si jambo la karne iliyopita tu. Picha ya ukutani iliyofukuliwa Herculaneum, mji wa Kirumi uliofunikwa na mlipuko wa Vesuvius mwaka 79, inaonekana kuonyesha mtu asiyeona akiongozwa na mbwa sokoni. Mwaka 1819 Johann Wilhelm Klein, mwanzilishi wa chuo cha wasioona mjini Vienna, alieleza katika kitabu chake cha kufundishia jinsi mbwa anavyoweza kufungwa fimbo ngumu ya kumwongozea mtu. Wazo lilikuwa kamili, lakini kwa karibu miaka 100 halikupata wa kulifanyia kazi kwa mpango.

Vita Kuu ya Kwanza ndivyo vilivyolifufua. Maelfu ya askari vijana walirudi Ujerumani wakiwa wamepofushwa na gesi ya sumu na vipande vya mabomu. Daktari mmoja, Gerhard Stalling, alifungua mjini Oldenburg, Agosti 1916, shule ya kwanza ya mbwa waongozi kwa ajili ya askari hao. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia siku alipomwacha mgonjwa asiyeona bustanini pamoja na mbwa wake mwenyewe, na aliporudi akamkuta mbwa anamchunga mgonjwa yule. Shule ya Oldenburg ilifungwa mwaka 1926, lakini nyingine ilikwisha kufunguliwa Potsdam mwaka 1923, chini ya chama cha wafugaji wa mbwa aina ya German Shepherd, na hiyo ndiyo iliyoonwa na mwanamke wa Kimarekani aliyebadili mkondo wa mambo.

Mwanamke huyo, Dorothy Harrison Eustis, alikuwa akiishi Uswisi, juu ya mlima karibu na mji wa Vevey, akizalisha na kufunza mbwa wa kazi za polisi na jeshi. Baada ya kuitembelea Potsdam aliandika makala katika gazeti la Saturday Evening Post la tarehe 5 Novemba 1927. Huko Nashville, Tennessee, makala ilisomwa kwa sauti mbele ya kijana aliyeitwa Morris Frank. Alikuwa amepoteza jicho moja akiwa na miaka 6, alipogongwa na tawi la mti akiwa juu ya farasi, na la pili akiwa na miaka 16, katika pambano la ndondi. Aliuza bima, na ili afike kwa wateja ilimbidi amlipe mvulana wa kumshika mkono. Msomaji wa Afrika Mashariki anaifahamu hali hiyo: mtoto anayekatizwa masomo ili awe macho ya mzazi au ya jirani. Frank alimwandikia Eustis akiomba kufunzwa, akaahidi kurudi na kuwafundisha wenzake.

Mwaka 1928 alisafiri kwa meli peke yake, na katika safari hiyo alisajiliwa kama kifurushi, chini ya ulinzi wa mhudumu aliyekuwa akimfungia chumbani. Jambo hilo linaeleza kwa ufupi kuliko hoja yoyote jinsi asiyeona alivyohesabiwa wakati ule. Uswisi alipewa mbwa jike akamwita Buddy, akafunzwa naye na mkufunzi Jack Humphrey kwa majuma kadhaa, kisha akarudi New York mwezi Juni. Waandishi wa habari walimsubiri bandarini. Walimtaka avuke West Street, barabara pana ya pwani iliyojaa malori na teksi zisizompisha mtu. Frank alishika mshikio wa hatamu, akatoa amri, akamwachia Buddy kazi. Mbwa alisonga, akasimama, akarudi nyuma kidogo kulipisha gari, akasonga tena, mpaka wakafika ng’ambo. Simu ya maandishi aliyompelekea Eustis ilikuwa na neno moja tu, la kumwambia kwamba wamefaulu. Tarehe 29 Januari 1929 walianzisha shule, The Seeing Eye, hapo Nashville. Baadaye ilihamia New Jersey, na mpaka leo iko Morristown.

Barabara ilivukika, mlango ukabaki. Hoteli zilimkatalia chumba, migahawa ikamkatalia kiti, na kwenye treni mbwa alitakiwa asafiri katika behewa la mizigo. Hoja zilikuwa zilezile ambazo wasioona wanazisikia hadi leo: uchafu, wateja kuogopa, mbwa ni mbwa. Kwa kuwa hapakuwa na sheria ya kushika mkononi, Frank na wenzake walitumia njia ya kushawishi. Walizunguka mji hadi mji, wakaonana na wakuu wa kampuni za reli na wenye hoteli, wakawaonyesha mbwa aliyelala kimya chini ya meza muda wote wa mazungumzo. Kufikia 1935 kampuni zote za reli za Marekani zilikubali mbwa mwongozi akae na mwenyewe katika behewa la abiria. Mwaka 1938 ndege nazo zikaanza kufunguka, pale kampuni ya United ilipomruhusu mbwa mwongozi akae ndani na abiria wake. Buddy alikufa mwaka huohuo.

Mafanikio hayo yalikuwa makubwa, ila msingi wake ulikuwa hisani. Kampuni iliyoruhusu ingeweza kukataza, na mwenye mgahawa hakuwa amefungwa na chochote. Ndiyo maana miaka iliyofuata kazi ilihamia kwenye mabunge ya majimbo. Jimbo baada ya jimbo lilitunga sheria ya kuwaruhusu wasioona waingie na mbwa mahali pa umma, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 majimbo yote yalikuwa na sheria ya namna hiyo. Hazikulingana. Baadhi zilidai kitambulisho cha shule ya mbwa, nyingine zilitaja vyombo vya usafiri tu au hoteli tu, na adhabu ya anayekataa mara nyingi ilikuwa faini ndogo ambayo polisi hakujisumbua kuitoza.

Aliyeupa mjadala huo akili ya kisheria ni Jacobus tenBroek, profesa wa chuo kikuu cha Berkeley, California, ambaye mwenyewe hakuona tangu ujana wake. Mwaka 1940 aliongoza kuanzishwa kwa shirikisho la kitaifa la wasioona, National Federation of the Blind. Mwaka 1966 alichapisha makala ndefu ya sheria kuhusu haki ya kuishi duniani. Alionyesha kwamba mahakama zilimchukulia asiyeona anayetembea peke yake kana kwamba kutoka nyumbani kwenyewe ni uzembe, hivyo akianguka katika shimo lisilofunikwa lawama ilimwangukia yeye. TenBroek aliipindua hoja. Barabara, alisema, ni za umma, na katika umma wapo wasioona, basi mwenye kuchimba shimo anapaswa kuwatarajia. Alitunga pia sheria ya mfano, inayomlinda mwenye fimbo nyeupe na mwenye mbwa mwongozi kwa pamoja. California ilipitisha sheria iliyofuata mfano huo mwaka 1968, mwaka ambao tenBroek alifariki, na majimbo mengi yakafuata. Hapa ndipo lugha ilipogeuka. Sheria za mwanzo zilimruhusu mbwa, hizi zilimtambua mtu, na mbwa akaingia kwa haki ya mtu huyo.

Wakati huohuo mbwa walikuwa wanapata kazi mpya. Katikati ya miaka ya 1970 walianza kufunzwa mbwa wa viziwi, wanaomgusa mwenyewe kwa mguu na kumpeleka kwenye sauti: kengele ya mlango, mtoto anayelia, king’ora cha moto. Mwaka 1975 Bonnie Bergin alianzisha huko Santa Rosa, California, shirika la kufunza mbwa wa watu wenye ulemavu wa viungo. Mbwa hao huokota ufunguo ulioanguka, huvuta mlango kwa kamba, huwasha taa kwa pua, na husaidia kukivuta kiti cha magurudumu. Baadaye wakaja wa wenye kifafa, wa kisukari, na wa askari wenye kiwewe cha vita. Sheria nyingi za majimbo zilikuwa bado zinamtaja asiyeona peke yake. Mtu wa kiti cha magurudumu aliyefika mgahawani na mbwa wake aliambiwa, na kwa maandishi ya sheria ilikuwa kweli, kwamba sheria haimhusu.

Mlango wa sheria ya taifa zima ulianza kufunguliwa na Sheria ya Ukarabati ya 1973. Kifungu chake cha 504 kilikataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa ulemavu wake. Serikali ilichelewa kutoa kanuni za kukitekeleza, na Aprili 1977 watu wenye ulemavu zaidi ya 100, Judith Heumann akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliingia katika jengo la serikali mjini San Francisco wakakataa kutoka kwa karibu wiki 4, hadi kanuni zikatiwa saini. Bila ujasiri ule, ni vigumu kuona jinsi sheria kubwa iliyofuata ingepatikana.

Sheria hiyo ni ya Wamarekani Wenye Ulemavu, ijulikanayo kwa kifupi cha ADA, iliyotiwa saini na Rais George H. W. Bush tarehe 26 Julai 1990. Ilivuka taasisi za serikali ikaingia katika maduka, migahawa, hoteli, hospitali, sinema na teksi za watu binafsi. Kanuni zake za 1991 zilimtaja mnyama wa huduma kuwa ni mbwa mwongozi, mbwa wa viziwi au mnyama mwingine aliyefunzwa kumfanyia kazi mtu mwenye ulemavu.

Uzuri wa kanuni hizi uko katika jinsi zinavyofanya kazi pale mlangoni, kati ya mteja na mfanyakazi ambaye pengine ameajiriwa wiki hiyo. Kama kazi ya mbwa haionekani wazi, mfanyakazi anaruhusiwa maswali mawili: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Na amefunzwa kufanya kazi gani? Basi. Haruhusiwi kuuliza ugonjwa, kudai cheti wala kitambulisho, wala kumtaka mbwa aonyeshe anachojua. Haruhusiwi kutoza ada ya ziada, hata pale anapowatoza wateja wenye wanyama wa nyumbani, wala kumtenga mteja kwenye kona ya peke yake. Hofu ya mbwa au mzio wa mteja mwingine hautoshi kuwa sababu ya kukataa. Kwa upande wake mwenye mbwa anawajibika: mbwa awe chini ya udhibiti, kwa kamba au kwa amri, na asiwe wa kujisaidia ndani. Akivuruga na mwenyewe asimtulize, mbwa anaweza kutolewa nje, lakini mtu lazima apewe nafasi ya kuhudumiwa bila mbwa. Wengi hushangaa kwamba hakuna cheti kinachodaiwa. Sababu ni ya haki. Mbwa anayefunzwa shuleni ni wa gharama kubwa na foleni ni ndefu, na mtu aliyemfunza mbwa wake mwenyewe anahitaji kuingia dukani sawasawa na aliyepewa na shirika.

Kesi iliyoonyesha kina cha sheria hii ilitoka Hawaii, visiwa visivyo na kichaa cha mbwa. Ili kuulinda usalama huo, kila mbwa aliyeingia aliwekwa karantini kwa siku 120. Kanuni haikumlenga asiyeona, iliwahusu wote kwa usawa. Lakini mtalii wa kawaida alikosa kipenzi chake kwa miezi 4, ilhali asiyeona alikosa miguu yake ya kutembelea. Mwaka 1996 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Crowder dhidi ya Kitagawa, iliamua kwamba kanuni iliyo sawa kwenye karatasi inaweza kuwa ubaguzi ikiwa uzito wake unamwangukia mwenye ulemavu kwa namna tofauti, ikairudisha kesi mahakama ya chini ipime kama jimbo lingeweza kujikinga kwa njia nyingine inayofaa. Leo mbwa waongozi huingia Hawaii kwa chanjo na vipimo vya damu. Huo, kwa haki yote, ndio uamuzi ulioeleza vizuri zaidi maana ya usawa katika jambo hili.

Maneno “mnyama mwingine” ya kanuni za 1991 yalileta matatizo. Watu walifika madukani na nyoka, kasuku na nyani, wakidai ni wanyama wa huduma. Kanuni mpya zilizoanza kutumika tarehe 15 Machi 2011 zilimbakisha mbwa peke yake, na zikaongeza kwamba farasi wadogo waliofunzwa nao wapokewe pale inapowezekana. Hawa ni farasi wa kimo cha kati ya sentimita 61 na 86 hivi begani, wanaoishi miaka mingi kuliko mbwa na kuwafaa watu wenye mzio wa mbwa. Kanuni hizo zilisema pia kwamba mnyama ambaye kazi yake ni kufariji kwa kuwapo tu, bila mafunzo ya kazi maalumu, hahesabiwi. Katika ndege, ambako inatumika sheria nyingine ya mwaka 1986, mlango ulibaki wazi kwa wanyama wa kufariji kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2018 abiria mmoja alifika uwanja wa Newark na tausi. Tangu Januari 2021 kampuni za ndege hazilazimiki tena kuwapokea wanyama wa kufariji. Badiliko hilo linawafaa wasioona, kwa kuwa mbwa asiyefunzwa anayemrukia mbwa mwongozi anaweza kumharibia kazi yake kwa maisha yake yote, na kila udanganyifu humfanya mlinzi wa mlangoni amtilie shaka mwenye haki.

Shule nazo zilifikishwa mahakamani. Katika kesi iliyotoka Michigan, mtoto mwenye mtindio wa ubongo alikataliwa kuja darasani na mbwa wake kwa hoja kwamba tayari alikuwa na msaidizi wa kibinadamu. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba familia inayodai haki ya kuingia haipaswi kulazimishwa kwanza kupitia taratibu ndefu za sheria ya elimu maalumu. Jaji Elena Kagan alitoa kipimo chepesi: je, mtoto angeweza kuleta dai hilohilo dhidi ya maktaba ya umma? Kama ndiyo, yaelekea dai si la elimu, ni la usawa.

Uingereza ilikwenda kwa mwendo wake. Mbwa wake wa kwanza wanne walifunzwa Wallasey mwaka 1931 kwa juhudi za wanawake wawili, Muriel Crooke na Rosamund Bond, lakini haki ya kisheria ilisubiri Sheria ya Ubaguzi wa Walemavu ya 1995. Wajibu wa madereva wa teksi kuwachukua abiria wenye mbwa waongozi ulianza kutekelezwa huko England na Wales mwaka 2001, na dereva anayekataa huadhibiwa kwa faini.

Katika teksi ndimo sheria ilipokutana na dini, na jambo hili linawagusa Waislamu wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani na Wasomali, mbwa ni najisi nzito, na mate yake huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Huko Minneapolis, Marekani, ambako madereva wengi wa teksi za uwanja wa ndege walikuwa Wasomali, baadhi walikataa abiria wenye pombe, na wapo waliolalamikiwa kwa kukataa mbwa. Mwaka 2007 mamlaka ya viwanja vya ndege iliweka adhabu ya kusimamishwa siku 30 kwa kosa la kwanza la kukataa abiria, na kufutiwa leseni kwa miaka 2 kwa la pili. Fikihi yenyewe haina ugumu ambao wengi wanaudhania. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wameruhusiwa tangu zama za Mtume, kwa sababu ya haja. Haja ya asiyeona kutembea haiwezi kuwa ndogo kuliko haja ya kulinda mbuzi. Kwa mwelekeo huo Baraza la Sharia la Waislamu nchini Uingereza lilitoa mwongozo mwaka 2008, na msikiti mmoja wa Leicester ukamruhusu kijana asiyeona aje na mbwa wake, mbwa akatengewa mahali pa kusubiri mbali na pa kuswalia. Twahara ya msikiti ikahifadhiwa, na kijana akapata swala yake ya jamaa.

Sheria ya kimataifa imeyakusanya hayo yote katika maneno machache. Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 13 Desemba 2006, unazitaka nchi katika ibara ya 20 zirahisishe upatikanaji wa vifaa, teknolojia na msaada wa viumbe hai kwa ajili ya kutembea, maneno yanayochukuliwa kujumuisha binadamu na wanyama. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Sheria ya Kenya ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilikuwa imetaja haki ya mazingira yasiyo na vikwazo na ya vifaa vya kusaidia kutembea, na Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2010. Wengi wa wasioona katika nchi hizi hutumia fimbo nyeupe au mkono wa ndugu, lakini haki ya kupita haipimwi kwa idadi ya wenye kuidai. Kanuni yoyote itakayoandikwa huku kuhusu haki hiyo iwe fupi na wazi kiasi cha kueleweka na mlinzi wa geti na kondakta wa daladala, kama yalivyo yale maswali mawili ya Wamarekani, na iandikwe pamoja na wenye kuitumia. Ibara ya 4 ya mkataba huohuo inazilazimisha serikali kushauriana kwa karibu na watu wenye ulemavu, kupitia vyama vyao, kabla ya kutunga sheria inayowahusu.